Bahasha Namba 61 Ifunguliwe

Theodora Laurian Mughwai,
Kijiji cha Ujamaa Unyamisanga,
Njia ya Ikungi,
Singida.

17 Novemba, 1975

Ndugu Mtunza Nyaraka Mkuu,

YAH: MALALAMIKO YA TATU KUHUSU MUME WANGU KUFUNGIWA SANDUKUNI

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini u mzima, pamoja na watoto, na pamoja na ile mashine ya baridi uliyonieleza katika barua yako ya Juni kwamba inaziweka karatasi za mume wangu katika hali njema. Sisi huku wazima, ila joto limezidi, mvua haijaanguka na uwele bado uko kwenye kibuyu. Hali ya mume wangu unaijua wewe kuliko mimi, maana wewe ndiye unayekaa naye.

Najua unapokea barua nyingi, kwa hiyo naanza kwa kukukumbusha mimi ni nani, maana mara ya mwisho uliniita "Bwana T. Mughwai". Mimi ni mjane wa Laurian Mughwai, aliyekuwa karani wa baraza la mtemi kwa miaka ishirini na miwili, na baada ya Uhuru karani wa ushirika, mpaka alipofariki tarehe 9 Aprili mwaka jana katika hospitali ya misheni. Alilala pale wiki tano. Vitu alivyoomba nimpelekee ni viwili tu: blanketi lake la zamani na penseli mbili, moja ya kawaida na moja nyekundu. Siku aliyofariki sikuwapo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua unga.

Kabla ya kufariki aliniandikia barua. Ilifika siku ya mazishi, mikononi mwa kondakta wa basi, wakati uwanja umejaa watu. Aliyeipokea ni shemeji yangu Antipasi, mdogo wake marehemu. Akaona itapotea, akaitumbukiza kwenye sanduku la bati lenye karatasi za kaka yake, akafunga. Aliniambia siku ya tatu. Nikasema, vema, nitaifungua arobaini ikiisha, wageni wakiondoka na nyumba ikitulia.

Siku ya thelathini na tatu Land-Rover ya Chuo chenu ikaja.

Sina ubaya na wale vijana watatu. Walikuwa na adabu, walimwamkia kila mtu shikamoo, hata Antipasi. Wakaeleza kwamba historia yetu imeandikwa na wageni na sasa tutaiandika wenyewe, kwa hiyo wanakusanya karatasi za wazee kabla mchwa hawajazimaliza. Mimi nilikuwa kisimani. Antipasi akawapa sanduku zima, na kufuli lake. Wao wakampa stakabadhi yenye mhuri wa duara. Shemeji yangu ni mtu ambaye ukimpa mhuri wa duara atakupa hata mke wake. Na muulize Magdalena, mkewe, stakabadhi hiyo sasa imetundikwa ukutani pale ilipokuwa picha yao ya harusi.

Mwezi Machi uliniletea orodha: "Jalada la Mughwai, L., vitu 61." Kitu cha mwisho umekieleza hivi: "Bahasha moja. Haijafunguliwa. Imefungwa mpaka mwaka 2004." Hiyo ndiyo barua yangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Sanduku lenyewe. Orodha inasema karatasi zimehifadhiwa "pamoja na kasha lake la asili". Ndugu, hilo ni sanduku langu la harusi. Baba yangu alilinunua mjini Singida mwaka 1943 na likaja kichwani kwa dada yangu siku nzima. Laurian alianza kuingiza karatasi zake humo moja moja, kwa upole, kama mgeni anayehamia, mpaka kanga zangu zikaenda kuishi kwenye gunia. Kila asubuhi alikaa juu yake kufunga kamba za viatu, mguu wa kushoto kwanza. Ndiyo maana bati limebonyea upande wa kulia. Ninyi mmeandika "limeharibika kidogo wakati wa usafirishaji". Halikuharibika. Lilikaliwa. Naomba msahihishe, na fundi yeyote asilinyooshe.

2. Miaka thelathini. Ulinieleza kwamba kanuni hiyo ipo ili kuwalinda watu waliotajwa katika nyaraka ambao huenda bado wako hai. Niliisoma sentensi hiyo peke yangu, kisha nikamsomea jirani yangu Esta, akacheka mpaka akakaa chini. Aliyetajwa katika bahasha namba 61 ni mimi. Mnanilinda mimi nisijue nilichoambiwa mimi. Nashukuru kwa ulinzi huo. Lakini mimi ni wa mwaka 1922. Mwaka 2004 nitakuwa na miaka themanini na miwili, na katika ukoo wetu wanawake huaga macho wakifika sitini. Itabidi nisomewe. Atakayenisomea ni Antipasi, kama bado yupo, naye ataanza kwa kuuliza stempu iko wapi.

3. Kamati ya Nyuki. Hapa naomba uvumilivu wako. Barazani Laurian alifundishwa kwamba kila karatasi lazima iwe na alama juu, upande wa kulia, kwa penseli nyekundu. Alama zilikuwa nne: HARAKA, KAWAIDA, SI HARAKA na SIRI. Kule ilikuwa kazi. Bahati mbaya alirudi nayo nyumbani. Akinituma dukani alinipa kikaratasi: chumvi, kiberiti, HARAKA. Mwaka 1951 paa la tembe letu lilianza kuvuja upande wa jikoni. Akaandika kwenye daftari, paa la jikoni, SI HARAKA. Likaanguka mwaka 1953 juu ya kuku wawili. Alikuwa mtu wa kusimamia alichoandika.

Alama ya SIRI, nje ya baraza, aliitumia kwa asali tu. Tulikuwa na mizinga yetu porini, na Antipasi akijua siku ya kurina tulirudi na masega matupu. Kwa hiyo Laurian aliniachia vikaratasi chini ya sufuria: "Nyuki wako tayari. Jumamosi kabla ya jua. Asijue A. SIRI." Vikaratasi kumi na vinne. Sikujua kama alivitunza.

Sasa nasoma kwenye orodha yenu, namba 22 mpaka 35: "Mawasiliano ya siri ya kikundi cha kupinga ukoloni kilichojiita Kamati ya Nyuki. A. anadhaniwa kuwa Afisa wa Wilaya."

Mwezi Agosti mwanafunzi wenu, kijana Ahmadi, alikuja na mashine ya kunasa sauti kunihoji juu ya Kamati hiyo. Nikamwambia, mwanangu, ni nyuki. Akauliza, "Na asali ilipelekwa wapi, mama?" Nikamwambia ililiwa. "Na nani?" Na sisi. Akazima mashine, akasogea, akashusha sauti: "Mama, sasa tuko huru. Unaweza kusema." Nikamletea bakuli ya asali aione kwa macho yake. Akala nusu, akashukuru, akaandika kwenye daftari nikimwona: mhojiwa bado anaogopa.

Lililonipata mimi ni kwamba Antipasi alikuwa amekaa papo hapo, akisikia kwa mara ya kwanza habari za asali kumi na nne zilizompita. Aliacha kuniamkia miezi miwili. Na wakati huohuo anazunguka kijijini akisema kwamba enzi za mkoloni yeye aliogopwa sana, hata chama kizima kilikutana kwa kujificha kwa ajili yake.

4. Madhara kwa kijiji. Tulihamia hapa Septemba mwaka jana, wakati wa operesheni ya vijiji, na tulikuwa tunakaa vizuri mpaka nilipomsomea Esta barua yako. Esta ana mdomo. Siku ya pili nilimdai ungo wangu aliouazima tangu Pasaka. Akanitazama usoni akasema, "Dada Theodora, habari ya ungo imefungwa miaka thelathini, ili kumlinda aliyeazima." Tulicheka. Laiti tungeishia hapo.

Mkutano wa kijiji uliofuata, watu walimwuliza mwenyekiti wetu, Ndugu Mathayo, kwa nini pampu ya kisima imesimama tangu Mei. Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akasema suala hilo ni nyaraka na litafunguliwa mwaka 2004. Watu walipiga makofi kabla hawajatambua walichoambiwa. Tangu hapo Hussein wa duka hasemi kama sukari ipo au haipo. Gaspari anadai kwamba mizinga yote iliyobaki kule mahame ni yake, na kwamba marehemu aliliandika jambo hilo; ukimwuliza liko wapi, anasema liko Chuoni, nenda kasome. Na Mwanvua binti wa Hussein alimwuliza mchumba wake alilala wapi siku tatu za sabasaba. Kijana akajibu kwa kanuni yenu. Uchumba umekufa.

Wazee wetu walikuwa wanagombana, wanapatana, wanakula. Sasa hakuna anayegombana, maana hakuna anayejibu. Haya yote yametoka kwenye sanduku langu la harusi.

5. Masharti ya msomaji. Katika barua ya Juni ulisema labda ningeruhusiwa kama ningekuwa mtafiti, mwenye mada, uzoefu, wadhamini wawili na mikono safi. Nimejaza.

Mada ya utafiti: Laurian alitaka kusema nini.

Uzoefu: miaka thelathini na mmoja pamoja na mhusika, bila likizo. Najua kwamba uji aliupuliza mara tatu kabla ya kunywa hata ukiwa wa baridi. Najua kwamba penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata kanisani, na siku ya kipaimara cha binti yetu Anastazia askofu aliitoa mwenyewe kwa vidole viwili akamwekea mfukoni. Hayo hayamo katika vitu 61.

Mdhamini wa kwanza: Padre wetu. Ameandika, "Namfahamu. Hachoki." Mdhamini wa pili: Ndugu Mathayo, mwenyekiti. Ameandika, "Sitasema lolote mpaka 2004."

Mikono: naosha kwa maji na majivu.

6. Hoja ya kisheria. Hii naomba uisome umekaa. Kwa utaratibu wa baraza, ambao marehemu aliufuata mpaka kwenye chumvi, barua yenye alama ya HARAKA hufunguliwa ndani ya siku mbili, hata kama mtemi yuko kitandani. Sasa fikiri nawe. Mtu yuko hospitali. Anajua hali yake. Mkewe amekwenda kuchukua unga. Anachukua karatasi, anaandika, anatafuta kondakta wa basi. Na penseli nyekundu anayo, niliipeleka mwenyewe. Barua ya namna hiyo itakuwa na alama gani? Nimemwuliza Antipasi aliyeishika. Anasema hakutazama alama, alitazama stempu, akakuta haina, akasikitika.

Mimi sihitaji kuambiwa. Nyanyuka tu, Ndugu yangu, nenda kwenye chumba cha baridi, tazama bahasha juu, upande wa kulia. Utakuta HARAKA. Ukiikuta, ujue kwamba mmechelewesha barua ya haraka kwa siku mia tano na zaidi, kosa ambalo zamani karani alifukuzwa kazi kwa sehemu yake ndogo tu. Na usipoikuta, basi mimi sina hoja hata moja, haya yote sita yafutwe, nami nitanyamaza. Nimeandika na kutia sahihi. Mimi pia ni mtu wa kusimamia nilichoandika, nilijifunza kwake.

7. Ombi. Ikiwa pamoja na hayo yote kanuni haiwezi kulegezwa, basi naomba itimizwe sawasawa. Mmechukua karatasi za Laurian kwa sababu ameziandika. Mimi nami ameniandika, kwa miaka thelathini na mmoja, na kusahihisha amesahihisha. Jalada lenu bila mimi lina upungufu. Naomba nipokewe kama hati namba 62. Maelezo ya kuandika kwenye orodha nimeyaandaa ili nisikusumbue: "Mjane mmoja. Kingo zimechakaa. Madoa ya moshi. Bado anasomeka."

Nitakaa kimya kwenye rafu. Mkeka nitakuja nao. Sihitaji nyama. Baridi sijaizoea lakini nitalichukua lile gunia la kanga, na blanketi la marehemu. Usiku nitawasaidia kufukuza panya, kazi ambayo mashine haiwezi. Kisha mtufunge wote, bahasha na mimi, na mwaka 2004 mtufungue siku moja, kwa tarehe moja, mbele ya watu. Naona ni haki kwa pande zote. Basi linapita hapa Jumanne na Ijumaa; nitapanda la Ijumaa ya kwanza ya Desemba, baada ya kupanda uwele, na nitakuletea jogoo mmoja wa Singida, aliye hai, ambaye naomba asipewe namba.

Nisalimie vijana watatu wa Land-Rover, na Ahmadi, mwambie asali iliyobaki kwenye bakuli nimemwekea. Msalimie anayepiga taipu barua zako, mwambie mimi ni mwanamke. Msalimie na yule anayezima taa jioni kwenye chumba cha baridi. Kama anapita karibu na sanduku, agonge bati mara moja tu, si zaidi, Laurian hakupenda kelele.

Ni mimi, ninayekuheshimu na ambaye sitachoka,

Theodora Laurian Mughwai
(Mkono wangu mwenyewe)

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja, ndipo mwalimu Yunisi alipofika kutoka posta ya mjini na bahasha kubwa ya Chuo. Kumbe uliniandikia tangu tarehe tano: kwamba Ahmadi amenisemea, kikao chenu kimekaa, mmetoa ruhusa ya pekee, na namba 61 inarudishwa kwa mwenyewe. Imefika, Ndugu. Haijaguswa. Karatasi ya kuandikia barua nyingine sina, kwa hiyo soma hayo ya juu kama ya mtu mwingine.

Niliosha mikono kwa majivu, nikakaa nayo mlangoni penye mwanga. Mwandiko unatetemeka lakini ni wake. Jina langu lote, mpaka la baba. Na juu, upande wa kulia, kwa penseli nyekundu: SI HARAKA.

Nilikaa hapo mpaka Esta akaja kuuliza nina nini. Nikamwonyesha alama. Akacheka, nami nikacheka, kisha akaenda akarudi na ungo wangu. Mtu amelazwa, anajua, ana penseli mbili za kuchagua, na bado anaona haraka haipo.

Basi hoja sina, kama nilivyotia sahihi. Naambatanisha bahasha namba 61, sikuifungua. Naomba muirudishe sandukuni na muifunge mpaka 2004, isipungue hata siku moja, na yeyote atakayekuja kuomba ifunguliwe kabla, hata nikiwa mimi, mjibuni kwa ile barua yenu ya Juni, ilikuwa nzuri sana. Nimezoea kuishi na mtu ambaye bado ana jambo la kuniambia. Hati namba 62 ifutwe. Jogoo nimemchinjia Antipasi, na asali nimempa, tumepatana.

Mwaka 2004 nitakuja mwenyewe na basi. Msinitafutie kiti. Mradi sanduku lisinyooshwe, nitakaa juu yake, upande uliobonyea, nisome.

T. L. M.